Freni yenye imekamata upepo: sababu pedali inazama, na namna ya kuutosha

Dereva anakanyaga freni, lakini pedali haijibu. Inashuka laini sawa vile mutu anakanyaga sponji, na gari inaendelea kutembea. Anakanyaga mara ya pili, mara ya tatu, kisha gari inashika. Wasafiri wanapumua, na dereva anasema: "Hii gari iko vile, inaomba tu kuipompa." Mafundi wa garaji wako na jina lingine ya ile ugonjwa: freni imekamata upepo.

Mu barabara ya uwanda, gari ya vile inaweza kufanya siku mingi bila mutu kuona hatari. Lakini barabara zetu za mashariki haziko za uwanda. Kutoka Bukavu kwenda Uvira, barabara ya taifa namba 5 inapita Nyangezi, kisha inashuka kwa zamu-zamu mu milima ya Ngomo mupaka Kamanyola. Kwa upande wa Kivu ya Kaskazini, barabara ya taifa namba 2 iko na muteremuko wa Kabasha, kati ya Kanyabayonga na Rwindi. Pale, gari yenye inatembea kilometre 50 kwa saa inakula karibu metre 14 kila sekunde. Dereva mwenye kupoteza sekunde mbili akipompa pedali, amekwisha kupita metre 28. Kona haikumungojea.

Kutosha upepo mu freni, kazi yenye mafundi wanaita kupurje, haiko siri na haiombe mashine kubwa. Inaomba chupa, kipande ya mupira, kile moja, mafuta mapya na watu wawili wenye kusikilizana. Vitu viwili njo vinaleta musiba: kuzoea kupompa, na kupurje bila kutafuta kwanza fasi yenye upepo ulipitia.

Mafuta hayafinyiki, upepo unafinyika

Mu gari ndogo, hakuna kamba wala chuma yenye inatoka ku pedali kwenda kufinya magurudumu. Kuko mafuta tu. Dereva akikanyaga, anasukuma pistoni ndani ya silenda kubwa, ile yenye wengi wanaita metre-silenda, yenye iko chini ya kichupa ya mafuta ya freni. Mafuta yanasukumwa mu mirija ya chuma na mu flekisibo za mupira, yanafika ku kila gurudumu, na kule yanasukuma pistoni zingine. Hizo njo zinabana plaketi juu ya disiki, ao zinafungua garnitire ndani ya tamburi.

Kazi inawezekana juu ya jambo moja: mafuta hayafinyiki. Nguvu yenye inaingia upande huu inatokea upande ule, wakati ule ule, na inagawanyika sawasawa mu mirija yote. Mufaransa mumoja, Blaise Pascal, alieleza sheria hiyo mu karne ya 17, wakati hakuna gari hata moja duniani.

Upepo haufuate sheria ile. Upepo unafinyika. Mutu mwenye amewahi kupompa pine ya kinga anajua: upepo mwingi unaingia mu fasi ndogo. Sasa, mu pine ya taksi kunakuwa karibu 2 bar. Mu mirija ya freni, dereva akikanyaga kwa nguvu, inaweza kupita 50 bar. Pale, povu ya upepo inakunjwa mupaka inabakia karibu sehemu moja juu ya 50 ya ukubwa wake. Mbele ya povu kumaliza kujikunja, gurudumu haipate nguvu ya kutosha.

Na metre-silenda ya gari ndogo haisukume mafuta mingi. Kila mara pedali inashuka, ni sawa vijiko vichache vya chai. Kwa hiyo povu yenye ukubwa wa maharagi moja inatosha kula sehemu kubwa ya mwendo wa pedali. Dereva anasikia mguu unashuka, lakini nguvu yake inaishia mu kufinya upepo.

Upepo unapita wapi?

Upepo hauingie mu freni bila mulango. Fundi mwenye kutosha upepo bila kuuliza swali hili, atarudia kazi ile ile nyuma ya wiki moja.

Mulango wa kwanza ni kichupa ya mafuta. Mafuta yakishuka sana chini ya alama ya minimum, gari ikipanda ao ikiinama mu kona, metre-silenda inavuta upepo pahali pa mafuta. Lakini sababu gani mafuta yalishuka? Ao plaketi zimekwisha, na pistoni zimetoka mbali, zikachukua mafuta mingi nyuma yao. Ao kuko fasi yanavuja: flekisibo imepasuka, murija wa chuma umekula kutu, ao mupira wa ndani ya silenda ya gurudumu umechoka. Ukikuta gurudumu yenye iko na mafuta kwa ndani, na pine imeloana bila mvua, jibu imepatikana.

Mulango wa pili ni kazi ya garaji. Kila mara fundi anafungua murija, anabadilisha flekisibo, etriye ao metre-silenda, upepo unaingia. Pale kupurje haiko shauri, ni sehemu ya kazi yenyewe.

Mulango wa tatu haufungukie inje. Ni joto. Mafuta ya freni ya kawaida yako na tabia moja: yanakunywa maji. Yanavuta umande wa hewa kidogo-kidogo, kupitia kichupa na hata kupitia mipira. Mafuta mapya ya DOT 3 yanachemuka ku digre 205 ao zaidi. Yakikwisha kukunywa maji, sheria inaomba tu yafike digre 140. DOT 4 inaanza ku 230, na ikizeeka inaweza kushuka mupaka 155. Mu inchi yetu, fasi mvua inanyesha miezi mingi, mafuta yenye iko mu gari tangu miaka tano haiko tena mafuta ya kweli.

Sasa tupime joto ya muteremuko. Ziwa Kivu liko karibu metre 1 460 juu ya bahari, na ziwa Tanganyika karibu metre 770. Gari yenye uzito wa tani mbili pamoja na watu na mizigo, ikishuka metre 700, inaachilia nguvu yenye ingeweza kuchemusha karibu litre 40 za maji baridi, ni kusema bidon mbili za litre 20. Sehemu fulani inapotelea mu upepo wa inje na mu motere. Ile yote ingine inageuka joto ku disiki na ku tamburi. Kama dereva anashuka mu puemo, ni kusema bila vitesi, ili achunge esanse, freni njo zinabeba karibu yote. Mafuta yenye maji ndani yanachemuka, yanafanya mvuke, na mvuke unafinyika sawa upepo. Pedali inazama.

Kisha gari inasimama pa Kamanyola, inapoa, mvuke unarudia kuwa maji, na pedali inakuwa ngumu tena. Dereva anasema imepona. Haikupona. Inangojea muteremuko mwingine.

Kusikiliza pedali

Mbele ya kugusa kile, fundi mwenye kujua kazi anakaa kwanza mu kiti ya dereva. Pedali inasema mambo mbalimbali, na haiko yote ni upepo.

Pedali laini, yenye inapanda ukiipompa mara mbili tatu, na inakuwa tena laini ukingojea kidogo: mara mingi ni upepo. Lakini tamburi zenye hazikureglewa pia zinafanya vile, juu garnitire ziko mbali na tamburi. Waziangalie mbele.

Pedali yenye inashika muzuri, lakini ukiendelea kufinya inazama pole-pole mupaka chini: ile haiko upepo. Ao mafuta yanavuja inje, ao mipira ya ndani ya metre-silenda imekwisha na mafuta yanarudi nyuma. Kupurje haitasaidia kitu.

Pedali ngumu sawa jiwe, na gari haisimame vizuri: pale shida inaweza kuwa ku servo, kile chombo cha mviringo chenye kinasaidia mguu kwa nguvu ya motere. Ile pia haiko upepo.

Kuko tena jambo moja lenye linadanganya watu. Gari za leo ziko na njia mbili za mafuta, zimetengana. Moja ikipasuka, ingine inabakia. Pedali inashuka chini zaidi, gari inasimama pole, lakini inasimama. Dereva anaona iko sawa na anaendelea kutumika nayo. Kwa kweli, amebakia na nusu ya freni, na hakuna tena ya akiba.

Mafuta gani ya kutia

Jina iko ku mufuniko wa kichupa: DOT 3, DOT 4 ao 5.1. Hizo tatu zinaweza kuchanganyika, lakini hapana kushuka chini ya ile yenye fabrike iliandika. DOT 5 iko kitu kingine, imetengenezwa na silikone, haichanganyiki na zingine, hata kama namba yake inafanana na 5.1.

Mafuta ya motere, mafuta ya bwati, mafuta ya kupikia, maji ya sabuni: hizo zote hazina fasi mu freni. Mafuta ya motere yanafanya mipira ya ndani kuvimba, na kisha freni yote inaomba kubadilishwa, kuanzia metre-silenda mupaka magurudumu. Maji yanachemuka mbio na yanaleta kutu. Mutu mwenye alitia maji "ili afike tu" amenunua deni kubwa kuliko chupa ya mafuta.

Chupa ya mafuta ya freni inunuliwe yenye imefungwa na plombe yake. Chupa yenye ilifunguliwa na ikakaa miezi mu etajere ya garaji imekwisha kukunywa maji. Na mafuta yenye inatoka mu gari wakati wa kupurje haipaswe kurudishwa ndani, hata kama inaonekana safi. Iko na povu ndogo-ndogo zenye macho haioni, na iko na uchafu.

Vitu vya kutayarisha

Kriki na mawe ao mbao za kufunga magurudumu. Bika za kushikilia gari, juu gari yenye imebebwa na kriki peke yake haifai mutu kuingia chini yake. Kile ya 8, ya 10 ao ya 11, kulingana na gari. Yenye muzuri ni ya pete, juu ile ya mudomo wazi inakula kichwa cha visi. Mupira wenye kuonekana ndani, sawa ule wa seromu, wa kuingia kwa nguvu ku ncha ya visi. Chupa ndogo yenye kuonekana ndani, na mafuta safi kidogo chini yake. Kitambaa, na maji pembeni.

Maji ni ya nini? Mafuta ya freni yanakula rangi ya gari. Yakimwangika ku bodi, isafishwe na maji palepale. Mafuta haya ni sumu kwa mutu na kwa nyama. Chupa ya mafuta ya zamani isiachwe fasi watoto wanafika, zaidi kama ni chupa yenye kwanza ilikuwa ya sukari. Wala haifai kumwangwa mu kaniveau yenye inashuka mu ziwa.

Kazi ya watu wawili

Mumoja anakaa ku pedali, mwingine anakaa ku gurudumu. Ku kila gurudumu, nyuma ya etriye ao nyuma ya tamburi, kuko visi ndogo yenye tundu ndani, mara mingi yenye kofia ya mupira. Ile njo visi ya purji. Inapanguswa kwanza, ili uchafu usiingie. Kama imekamata kutu, inatiwa mafuta ya kuregeza na inangojewa. Ikivunjikia ndani, kazi ya saa moja inakuwa ya siku nzima.

Mupira unaingizwa ku ncha ya visi, na ncha ingine ya mupira inazamishwa mu chupa, chini ya mafuta. Kama ncha iko inje ya mafuta, gurudumu itavuta upepo mupya wakati pedali inarudi. Kisha mazungumuzo inaanza, na kila neno iko na fasi yake:

"Pompa, mudogo!"

Musaidizi anakanyaga mara tatu, pole-pole, kisha anakaza mguu. "Nashika, fundi."

Fundi anafungua visi robo ya muzunguko. Mafuta na povu zinatoka mu mupira, na pedali inashuka. "Imefika, fundi." Musaidizi haachilie mguu. Fundi anafunga visi. Njo pale tu anasema: "Acha!"

Hapo njo kuko siri yote. Kama musaidizi anaachilia pedali wakati visi ingali wazi, upepo unarudi ndani, na wanaanza upya. Wengi wenye wanasema "tulipurje lakini haikusaidia" walianguka mu kosa hilo.

Inarudiliwa mara tano, mara kumi, mupaka mafuta yenye inatoka inakuwa safi, bila povu hata moja. Katikati, kila nyuma ya mara tano hivi, mufuniko unafunguliwa na mafuta mapya inaongezwa. Kichupa ikikauka, metre-silenda inavuta upepo, na kazi yote imepotea. Mu gari zenye ABS ni vibaya zaidi: upepo ukiingia mu bloki ya ABS, mara zingine inaomba mashine ya kompyuta ili kuutosha.

Mu gari ya zamani, fundi anaweka kipande ya mbao chini ya pedali ili isifike mupaka chini kabisa. Mule ndani ya metre-silenda, fasi zenye pistoni haifikake kila siku, kuko kutu na uchafu. Mipira ikipita pale inaweza kupasuka. Gari iliingia garaji na upepo, inatoka na metre-silenda yenye imekufa.

Kuanza na gurudumu gani?

Vitabu vingi vinasema: nyuma kuume, nyuma kushoto, mbele kuume, mbele kushoto. Mafundi wengi wamekamata ile mu kichwa sawa wimbo. Lakini ile ni ya gari yenye volan iko kushoto. Sheria yenyewe ni hii: kuanza na gurudumu yenye iko mbali zaidi na metre-silenda, kumaliza na yenye iko karibu. Na huku kwetu, gari mingi zilitoka Japon na volan kuume. Ndani yao metre-silenda iko upande wa kuume. Kwa hiyo yenye mbali zaidi ni nyuma kushoto, kisha nyuma kuume, mbele kushoto, na ya mwisho mbele kuume.

Kuko gari zenye njia za mafuta zimepita kwa musalaba, na fabrike inaomba mupango mwingine. Kama kitabu ya gari iko, kitabu njo inaamua.

Pick-up na jeep fulani za kubeba mizigo ziko tena na valve karibu na ekseli ya nyuma, yenye inapima uzito na kupunguza ao kuongeza freni za nyuma. Mara zingine ile valve iko na visi yake ya purji. Fundi mwenye anaisahau anashangaa kuona magurudumu ine ziko safi na pedali ingali laini.

Kama mutu iko peke yake

Inawezekana, lakini kwa uvumilivu. Mupira unainuliwa kwanza juu zaidi kuliko visi, kisha unashuka mu chupa yenye mafuta, ili mupira wenyewe ujae mafuta na usirudishe upepo. Visi inafunguliwa kidogo, na mutu anakanyaga na kuachilia pole-pole sana. Njia ingine ni kufungua visi na kuacha mafuta yatiririke yenyewe kwa uzito wake, bila kugusa pedali, na kuangalia kichupa isikauke. Inachukua wakati murefu, lakini haina kelele wala mabishano.

Ambreyaji nayo inakamata upepo

Mu gari mingi, ambreyaji pia inatumika na mafuta ya freni. Dalili zake ziko tofauti. Vitesi inakataa kuingia, zaidi ya kwanza na ya nyuma, bwati inalia, pedali inashuka bila uzito na mara zingine inabakia chini, inaomba kuinuliwa na mukono. Dereva anapompa mara mbili na vitesi inaingia. Ni ugonjwa ule ule.

Hapa kazi ni fupi, juu kuko visi moja tu, ku silenda ndogo pembeni ya bwati. Mazungumuzo ni yale yale: kukanyaga, kushika, kufungua, kufunga, kuachilia. Lakini pedali ya ambreyaji haiko na nguvu ya kujirudisha kama iko na upepo mwingi, kwa hiyo musaidizi anaivuta juu na mukono kila mara, nyuma ya visi kufungwa.

Mu gari fulani, freni na ambreyaji zinakunywa mu kichupa moja. Pale, ambreyaji yenye inavuja inaweza siku moja kukausha mafuta ya freni. Dereva mwenye anasema "ni ambreyaji tu, nitaona kisha" aangalie kwanza kama kichupa ni moja. Kwa gari yenye ambreyaji ya kable, hakuna upepo wa kutosha. Kuko kable ya kuregle ao ya kubadilisha.

Motari na kamio

Pikipiki yenye disiki mbele, na kichupa kidogo ku giduni, iko na freni ya mafuta. Fundi moja anatosha: mukono moja ku levie, mwingine ku visi. Povu zake zinapenda kukaa juu, karibu na kichupa, kwa hiyo giduni inageuzwa ili kichupa iwe fasi ya juu zaidi. Pikipiki yenye tamburi na kable haihusiki.

Makamio makubwa ni hadisi ingine. Mengi kati yao yanasimama kwa nguvu ya upepo wenyewe, wenye unatoka ku kompresere na kuwekwa mu bombo. Kule, kitu cha kutosha ni maji yenye inajikusanya chini ya bombo, kila siku. Tena kuko kamio za katikati zenye zinachanganya upepo na mafuta. Dereva ajue gari yake ni ya namna gani mbele ya mutu kuigusa.

Mbele ya kurudia barabara

Visi zote zimekazwa, bila kuzilazimisha, juu ni ndogo na zinavunjika. Kofia zimerudi. Mafuta iko kati ya minimum na maximum, na mufuniko umefungwa.

Motere ikiwa imezimwa, dereva anapompa mara ine tano, kisha anakaza mguu kwa nguvu dakika moja nzima. Pedali inapaswa kubakia juu na ngumu. Ikizama, kuko fasi inavuja. Akingali amekaza mguu, anawasha motere: pedali inashuka kidogo tu kisha inasimama. Ile ni servo inaamuka, haiko shida. Mwenzake anapita ku magurudumu yote, anaangalia kama kuko hata tone moja.

Kisha, fasi ya uwanda, bila wasafiri, kwa mbio ndogo, dereva anajaribu kusimama mara kadhaa. Gari ikivutwa upande moja, gurudumu moja haifanye kazi. Inarudi garaji. Haiende kujaribiwa ku Ngomo.

Na nyuma ya siku mbili ao tatu, kichupa inafunguliwa tena. Kama mafuta imeshuka, mulango wa upepo ungali wazi.

Kama inatokea katikati ya muteremuko

Pedali ikizama mu mushuko, kupompa mbio-mbio inaweza kurudisha nguvu kidogo. Pale kupompa ni haki, ni ya kuokoa. Wakati ule ule dereva anarudisha vitesi, ya tatu, kisha ya pili, ili motere ishike gari. Freni ya mukono inavutwa kidogo-kidogo, kidole kikifinya buton, juu ikivutwa mara moja magurudumu ya nyuma yanaziba na gari inageuka. Motere haizimwe: ikizimwa, servo inapoteza nguvu na volan inaweza kuwa nzito. Puemo haiguswe. Kama hakuna njia, afazali kugusa ukingo wa mulima kwa mbio ndogo kuliko kutafuta upande wa bonde.

Lakini dawa ya muzuri iko mbele ya muteremuko: kuingia na vitesi ya chini, ile yenye gari ingepanda nayo ule mulima, kukanyaga kwa nguvu kwa muda mufupi kisha kuachilia, pahali pa kuweka mguu juu ya freni kilometre nzima, na kusimama njiani kama kuko harufu ya kuungua.

Mafundi wanashauri mafuta ya freni ibadilishwe yote karibu kila miaka mbili. Kwa mwenye gari yenye inamuletea versement kila mangaribi, chupa ya mafuta na saa moja ya garaji inaonekana gari iliyolala. Lakini dereva mwenye amesema "pedali inazama" amekwisha kufanya kazi yake. Sasa ni zamu ya mwenye gari. Na musafiri mwenye amekaa mbele, akiona dereva anapompa mara tatu ili kusimama pa bariere, iko na haki ya kuuliza, kwa heshima: "Papa shofere, freni inakamata?" Kama jibu ni "inaomba tu kuipompa," angali na wakati wa kushuka mbele ya mulima.